Taa nyekundu kulia mwa omo: shajara ya kupima macho ya kadeti kwenye simuleta ya briji

12 Januari: Swali lenyewe

Nimefundisha kwenye simuleta ya briji, chumba kinachoiga mahali pa kuongozea meli, muda wa kutosha kuujua upungufu wa kazi yangu. Zoezi likiisha, mashine inanipa kila kitu kuhusu meli: ilipita wapi, iligeuka dakika ya ngapi, ilipishana na chombo kingine kwa umbali gani. Kuhusu mtu aliyeshika zamu hainipi kitu. Kadeti akigeuza kulia kwa wakati wake, sijui kama aliiona ile meli na kuielewa, au alifuata mazoea, au bahati ilimbeba.

Tunachokitafuta kina jina: ufahamu wa hali. Mtafiti Mica Endsley, katika makala yake ya 1995, aliugawa ngazi tatu: kuona kilichopo, kuelewa maana yake, na kubashiri kitakachofuata. Marekebisho ya Manila ya 2010 katika STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na zamu za mabaharia, yaliuweka miongoni mwa mambo anayopaswa kuyamudu afisa wa zamu, kwa hiyo si jambo la hiari. Hata hivyo wengi wetu tunaupima kwa kukisia. Tunamtazama kadeti mgongoni, kisha tunaandika "yuko makini".

Mimi na mwenzangu anayeendesha simuleta tumeazima miwani ya kufuatilia macho. Inamulika jicho kwa mwanga wa infraredi usioonekana, kamera ndogo inaipiga picha mboni pamoja na mng'ao unaorudi kutoka kwenye konea (utando angavu wa mbele ya jicho), na programu inakokotoa jicho limeelekea wapi kutokana na nafasi iliyopo kati ya hivyo viwili. Kamera nyingine, juu ya pua, inarekodi mandhari iliyo mbele ya mvaaji. Unachopata mwishoni ni video yenye kidoa kinachorukaruka. Kinapotulia, hapo ndipo jicho lilipotua. Miwani yetu inasoma mara 50 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 20, na inalisoma jicho moja tu. Hilo la jicho moja litakuja kutugharimu.

Naandika kila hatua ili mwenye simuleta kwingine asirudie makosa yetu. Gharama nazitaja kwa saa na kwa rekodi zilizotupwa, maana hizo ndizo zilizotuuma.

26 Januari: Mazoezi ya mchana

Hakuna mengi ya kusimulia. Tumebandika alama za miraba nyeusi na nyeupe kwenye pembe za kila tunachokipima: skrini ya rada, skrini ya chati ya kielektroniki, dira, paneli ya mitambo, na madirisha matano. Programu inazitambua alama hizo, hivyo kichwa kigeuke vyovyote, inajua kidoa kiko juu ya nini. Kadeti sita wamepita, kila mmoja dakika 40, na rekodi zote ni nzuri isipokuwa ya mmoja anayevaa miwani yake ya kusomea. Lenzi zake zilirudisha mng'ao wa pili na programu ikawa inafuata mng'ao huo badala ya ule wa konea. Tumeagiza lenzi za kupachika ndani ya miwani ya kipimo.

Jambo moja tuliliamua kabla ya kumvalisha mtu yeyote. Macho hayana pazia; kidoa kile kinafichua hata mtu alipochoka na alipoogopa. Tumekubaliana na kadeti kwa maandishi kwamba rekodi hazitatumika kumfaulisha wala kumfelisha mtu, na kila mmoja anaweza kuomba yake ifutwe. Bila hilo wangetupa macho ya kuigiza.

9 Februari: Giza limetushinda

Zamu inayoua watu ni ya usiku, kwa hiyo tulitaka usiku haraka. Tulizima taa, tukaweka mandhari ya saa nane za usiku, na rekodi nne za kwanza zote hazifai. Yalikuwa makosa matatu kwa mpigo, na tulichukua siku mbili kuyatenganisha.

La kwanza: alama za karatasi hazionekani gizani. Nilipaswa kulijua hilo nikiwa bado nakata karatasi.

La pili: kamera ya mandhari hujirekebisha mwanga yenyewe. Kadeti akitazama rada inayong'aa, dirisha linakuwa jeusi tii. Akitazama dirisha, rada inakuwa doa jeupe. Tumefunga urekebishaji huo na kuchagua kiwango kimoja kinachoonyesha mipaka ya skrini. Maandishi ya rada hayasomeki tena kwenye video, lakini hatuyahitaji, kwa sababu simuleta inaweka kumbukumbu yake ya kilichokuwa kwenye rada.

La tatu ndilo la hila. Tulikuwa tunafanya kalibresheni, yaani kumwomba mvaaji atazame kitone kinachojulikana ili programu ijirekebishe, kwenye mwanga, kisha tunazima taa. Gizani mboni hupanuka, na haipanuki sawasawa pande zote. Kitovu chake huhama kidogo. Kidoa nacho kikahama. Mtu anatazama dira, programu inasema anatazama ukuta ulio kando yake. Sasa kadeti anakaa gizani dakika 15 kwanza, ndipo tunafanya kalibresheni humo humo. Baharini afisa anayepokea zamu ya usiku hupaswa kuyapa macho yake muda wa kuzoea giza kabla ya kukabidhiwa, kwa hiyo zoezi limekuwa la kweli zaidi.

Gharama: rekodi 4, saa 19 za watu wawili.

16 Februari: Taa ambayo haikuwapo

Kutatua tatizo la alama tulitengeneza vibao vidogo vya plastiki vinavyomulikwa kwa nyuma na taa za LED nyekundu, hafifu sana. Nyekundu tuliichagua kwa sababu haiharibu sana macho yaliyozoea giza. Kamera ilivisoma vyema. Tukafurahi.

Kadeti wa kwanza alipofika dakika ya sita akasema kwa sauti, kama tulivyowafundisha: "Taa nyekundu, nyuzi 30 kulia." Hapakuwa na chombo upande huo. Kilikuwa kibao chetu, kinaakisiwa kwenye kioo cha dirisha la kulia. Alikuwa sahihi kabisa, maana aliona taa na akairipoti. Sisi ndio tuliomwekea taa ya uongo baharini.

Vibao vya madirishani sasa viko chini ya ukingo, vimeinamishwa kumwelekea mvaaji, na vimefunikwa karatasi ya moshi hadi vinaonekana kwa kamera lakini haviakisiki kiooni. Ukijaribu njia hii, simama kila mahali ambapo afisa anaweza kusimama na uangalie vioo vyote kabla ya kuanza. Sisi tuliangalia kutoka kwenye kiti tu.

2 Machi: Kidoa kinaelea angani

Kwenye rada kidoa kinakaa pale pale. Kwenye dirisha kinaelea juu ya upeo wa bahari, kana kwamba kadeti wote wanatazama mawingu.

Chanzo ni umbali. Kalibresheni tuliifanya kwa kitone kilicho sentimita 80 mbele ya uso. Skrini ya mandhari iko mita 4 mbali. Kamera ya mandhari haiko ndani ya jicho. Iko sentimita 3 hivi chini yake, na tofauti hiyo inaleta pembe moja kwa kitu cha karibu na pembe nyingine kwa kitu cha mbali. Ukipiga hesabu unapata kosa la nyuzi 1.7 hivi. Inaonekana ndogo, lakini kwa mita 4 ni sentimita 12, na taa ya chombo cha mbali kwenye skrini yetu ni nukta moja au mbili. Miwani inayosoma macho yote mawili inaweza kukadiria umbali kutokana na jinsi macho yanavyokutana, ikajisahihisha. Yetu haiwezi.

Tunafanya kalibresheni mbili: moja kwa mita 4 kwa ajili ya madirisha, nyingine kwa sentimita 80 kwa ajili ya skrini. Programu inachagua ya kutumia kwa kufuata alama zilizo karibu na kidoa. Inaongeza dakika 3 kwa kila mtu. Kila baada ya dakika 10 pia tunamwomba atazame nukta inayojulikana, mfano ncha ya mlingoti wa mbele, ili tuone kama miwani imeteleza puani.

Dokezo la haraka kwa wanaochambua: kichujio kilichokuja na programu kinahesabu mtuo wa jicho pale tu mwendo unapokuwa chini ya nyuzi 30 kwa sekunde. Hicho kinamfaa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Afisa wa zamu anatembea na kugeuza kichwa huku jicho lake limeng'ang'ania taa moja, na kichujio kinaitupa mituo hiyo yote. Tumepandisha kizingiti hadi 100.

16 Machi: Saa mbili zisizopatana

Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu lilikaribia kutupeleka kwenye hitimisho la uongo.

Ili kupima ngazi ya pili na ya tatu tunatumia mbinu ya Endsley ya kusimamisha zoezi: skrini zote zinazimwa ghafla, na kadeti anaulizwa vyombo viko wapi, vinaelekea wapi, kipi kitakuwa tatizo. Kisha zoezi linaendelea. Tunasimamisha mara tatu kwa kila zoezi.

Matokeo yalishangaza. Mwanzoni mwa zoezi kadeti walitazama vyombo mara tu vilipotokea. Kuelekea mwisho, macho yalionekana kufika kwenye taa dakika tano au zaidi baada ya taa kuonekana. Tulikuwa tumeanza kuandika kuhusu uchovu. Mwenzangu ndiye aliyeuliza swali sahihi: kwa nini uchovu unaongezeka kwa ngazi, ngazi tatu kamili?

Saa ya simuleta ni saa ya zoezi. Tukisimamisha, nayo inasimama. Saa ya miwani inaendelea. Kila kusimama kuliongeza pengo sawa na muda wa maswali, na baada ya mara tatu macho na bahari vilikuwa vimeachana kwa dakika tano na ushee. Hakuna kadeti aliyekuwa amechoka.

Kompyuta zote sasa zinafuata saa moja ya mtandao, na simuleta inaandika saa halisi kando ya saa ya zoezi. Kila zoezi linapoanza, kusimama na kuendelea, taa ndogo inawaka mbele ya kamera ili tuweze kuhakikisha kwa macho yetu. Rekodi 7 tumeziokoa kwa kuzipanga upya kwa mkono. Nyingine 3 hazikuwa na alama yoyote ya kushikia, tumezitupa. Saa 26.

6 Aprili: Alama nzuri, majibu mabaya

Vifaa vimetulia, na ndipo tatizo kubwa likajitokeza. Tulikuwa tumetunga kipimo chetu: asilimia ya muda nje ya dirisha, idadi ya sehemu zilizotazamwa kila dakika, muda mrefu zaidi bila kutazama rada. Mwenye mzunguko mpana na wa kawaida anapata alama ya juu. Tulidhani tunapima uangalizi unaodaiwa na Kanuni ya 5 ya COLREG ya 1972 (kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini), ile inayotaka uangalizi kwa macho, kwa masikio, na kwa kila njia iliyopo.

Kadeti aliyeongoza kwa kipimo hicho alishindwa karibu maswali yote ya zoezi liliposimamishwa. Mwingine, aliyekaa muda mrefu kwenye dirisha moja hadi kipimo chetu kikamhesabu kuwa "amekwama", alijua kila chombo kilipo na kinakokwenda.

Nilipaswa kulitarajia. Mwaka 2013 mtafiti Trafton Drew na wenzake waliwapa wataalamu 24 wa picha za eksirei picha za mapafu zilizochomekwa umbo la sokwe. Wataalamu 20 hawakumwona, na wengi wa hao 20 jicho lao lilikuwa limetua pale pale alipo. Jicho hufika na akili isifike.

Kipimo cha mzunguko tumekiacha. Kazi ya wiki sita, na siisikitikii, kwa sababu kama tungekitumia tungewazoesha kadeti kuzungusha macho.

20 Aprili: Sekunde ambazo hazikutosha

Tulibuni zoezi moja jipya. Meli yetu inakwenda fundo 12 (maili 12 za baharini kwa saa) usiku. Kulia mwa omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, nyuzi 23 hivi, chombo cha matanga kinakata njia yetu kwa fundo 5. Chombo cha matanga hakiwashi taa ya mlingoti kama meli ya injini, hivyo kutoka kwetu inaonekana taa moja tu, nyekundu, ya ubavu wake wa kushoto. Taa hiyo, kwa ukubwa wa chombo tulichokiweka, inatakiwa ionekane kwa maili 2. Kwenye rada ni alama hafifu inayokuja na kupotea katikati ya mawimbi. Tangu taa ionekane hadi kugongana ni dakika tisa hivi, na wa kupisha ni sisi. Upande huo huo kuna maboya yanayomweka nyekundu kila sekunde 4.

Kadeti mmoja, makini na mwenye bidii, aliiona taa sekunde 20 baada ya kutokea. Kwa hesabu ya macho ni vizuri sana. Aliirudia mara mbili. Zoezi liliposimama, kwenye karatasi yake mahali pale aliandika "boya".

Tulikaa naye baadaye tukitazama video. Nikamwachia aongee.

"Hapo, Kapteni, niliiona."

"Uliona nini?"

"Taa nyekundu. Nikajua ni boya, maana yako pale."

Nikarudisha nyuma, nikaiendesha polepole. Kidoa kinatua kwenye taa, kinakaa milisekunde 340, kinaondoka. Dakika moja baadaye kinarudi, 420. Mara ya tatu, 280. Aliitazama tena video bila kusema. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Sikukaa hata sekunde moja."

Tangu siku hiyo nimeyafikiria maneno hayo kila siku. Huwezi kutofautisha taa inayomweka na taa isiyozimika kwa theluthi ya sekunde. Ili ujue kwamba taa haizimiki, ni lazima ukae nayo mzunguko mzima. Na kuna jambo lililomponyoka yeye, na sisi pia hadi tulipohesabu: mara zote tatu aliikuta inawaka. Boya linalowaka sekunde 1 na kuzima sekunde 3 angelikuta limezima angalau mara moja, kwa uwezekano mkubwa. Dalili ilikuwa pale. Ilihitaji mtu wa kuiuliza.

Nilimsimulia habari ya Royal Majesty, ili ajue kwamba si yeye peke yake. Juni 1995, afisa wa meli hiyo ya abiria aliona alama kwenye rada mahali alipotarajia boya, akaamini ndilo. Lilikuwa boya jingine. Waya wa antena ya GPS ulikuwa umechomoka zaidi ya saa 30 kabla meli haijapanda fungu la mchanga karibu na Nantucket, na wakati huo ilikuwa maili 17 nje ya njia yake. Maafisa wale walikuwa wazoefu, na walikuwa wanatazama.

11 Mei: Vipimo vipya, na kusimamisha kunakoharibu

Tunapima mambo matatu sasa. Muda tangu kitu kuweza kuonekana hadi jicho kutua juu yake. Kama jicho lilikaa kwenye taa muda wa kutosha kujua ni taa ya namna gani. Na kama jicho lilienda kwenye taa, likaenda kwenye dira, na baadaye likarudia mfuatano huo huo kwa chombo kile kile. Hili la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu ni Kanuni ya 7 ya COLREG ikionekana kwa macho: mwelekeo wa dira wa chombo kinachokaribia usipobadilika vya kutosha, hatari ya kugongana ipo. Mtu aliyeuchukua mwelekeo mara moja tu hajui kama unabadilika.

Lakini maswali ya kusimamisha yameanza kuchafua macho. Baada ya mara ya kwanza kadeti anajua ataulizwa. Anaanza kukariri idadi ya vyombo, na kidoa kinaonyesha wazi: jicho linapita kwenye rada mstari kwa mstari kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nusu ya mazoezi tumeyaacha bila kusimamisha. Badala yake mwenzangu anapiga simu ya briji akiwa "nahodha" kutoka kwenye kabini yake: "Kuna nini mbele huko? Kile cha kulia kinapita wapi?" Au anaita kwenye redio kama kituo cha kuongoza vyombo. Skrini hazizimwi. Tunapima jibu, na tunapima jicho lilikwenda wapi kabla ya jibu. Anayejua hali hujibu moja kwa moja au hutupa jicho mara moja kuhakikisha. Asiyejua huanza kutafuta, na kutafuta huko kunaonekana.

Simu ina kasoro yake: swali linaweza kumwamsha mtu aliyekuwa amesahau chombo. Kwa hiyo haipigwi kamwe ndani ya dakika mbili za kwanza tangu taa kutokea.

1 Juni: Zoezi la matanga, mara ya pili

Tumebadilisha pembe, kasi na mahali pa maboya, na tumewarudisha wale wale. Kuna taa nyekundu nne kwenye mandhari. Tatu zinamweka, moja haizimiki. Kalibresheni mbili gizani, dakika 15 za kuzoea, taa ya kulinganisha saa, vioo vyote vimekaguliwa. Matayarisho yamechukua dakika 35 kwa kila mtu. Mwezi Februari yalichukua zaidi ya saa moja.

Yule kadeti wa "boya" aliingia wa tatu. Niliwasha sauti ya briji kwenye chumba cha mkufunzi. Kidoa kilitua kwenye taa ya kwanza, na nikamsikia anahesabu, polepole, midomo karibu imefumba: moja, mbili, tatu, nne. Kikahama. Taa ya pili, hivyo hivyo. Kwenye taa ya tatu alipofika sita hakuacha, akafika tisa. Kidoa kikashuka kwenye dira, kikapanda tena kwenye taa.

"Mwangalizi," alisema, "ile haizimiki. Nisaidie kuitazama."

Kisha akachukua mwelekeo wake wa kwanza, akaandika saa kando yake.